Sifuri ya Kuanzia

Mwaka 1996, mjukuu wangu Romana alikuwa kidato cha nne, msichana pekee wa darasa lake aliyechagua fizikia. Mwalimu wao alihamishwa mwezi wa nne, na mwingine hakuletwa. Kwa hiyo kila Jumamosi alitoka bwenini Mpanda mjini, akaja kwangu Kakese kujiandaa na mtihani wa vitendo.

Tangu nimzike Tereza, mke wangu, nyumba ile haikuwa na maneno mengine juma zima ila yale ya Jumamosi.

Tulifunga nati kubwa kwenye uzi, tukauning'iniza kwenye msumari wa mlangoni, urefu wa mita moja kamili. Romana alishika saa yangu ya mkono. Mimi niliiachia nati ibembee, nikahesabu kwa sauti hadi ishirini. Nilisoma kwa mapadri, kisha nikasimamia genge la wafanyakazi wa reli miaka ishirini na sita. Kuhesabu nilikuweza.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani alikokotoa mvutano wa dunia, akatupa kalamu.

"Kumi nukta tisa tena! Kitabu kinasema tisa nukta nane. Babu, dunia ya Kakese inavuta kuliko ya wenzetu?"

"Pima upya."

"Nimepima mara sita. Sekunde thelathini na nane kila mara. Wenzangu wanaanza na jibu la kitabu, wanarudi nyuma kupika vipimo. Niandike arobaini, yaishe?"

"Katika nyumba hii hatuandiki tusichokiona."

Kosa la mkono huyumba, leo juu, kesho chini. Hili lilisimama palepale mara sita. Tulipima uzi tena, ulikuwa sawa. Saa tuliilinganisha na ya redio, ikawa sawa.

"Basi nihesabu tena," nikasema, nikaiachia nati. "Moja..."

Badala ya kutazama saa, Romana aliinama juu ya daftari. Hapo ndipo nilipotambua kwamba alikwisha kulijua kosa, na kwamba heshima ndiyo iliyomfunga mdomo.

Kwenye reli, taruma, yaani gogo linalolaliwa na vyuma, unalolikanyaga kwanza ndilo la moja. Lakini kati ya mataruma ishirini kuna nafasi kumi na tisa tu. Mimi nilisema "moja" nati ikiwa haijabembea hata mara moja.

"Umelijua tangu lini?"

"Jumamosi iliyopita, babu."

"Na ungeingia nalo kwenye mtihani?"

"Ningehesabu vingine huko. Hapa... niliona unapenda kuhesabu."

Wanaume thelathini walinyanyua reli kwa hesabu yangu, na hakuna aliyewahi kunisahihisha.

"Andika," nikamwambia. "Chanzo cha kosa: mhesabuji alianza na moja badala ya sifuri. Usifiche. Sasa fanya peke yako. Jumanne hutakuwa na mtu wa kukuhesabia."

Nilikaa pembeni. Alihesabu kimoyomoyo, midomo imefumbwa, macho kwenye saa. Sekunde arobaini. Tisa nukta tisa.

"Imekubali, babu!"

"Nimeona."

Alikusanya vitabu vyake, akasimama mlangoni.

"Mtihani ukiisha, Jumamosi sitakuwa na la kupima. Baba anataka nipande treni niende kwake Tabora moja kwa moja."

"Ni sawa. Msalimie."

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikasimama mpaka kitambaa chake cha kichwani kikapotea. Kisha nikarudi, nikachukua ndoo kwenda kuteka maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.