Ukimaliza, Umemaliza

Darasani mwanafunzi wangu mmoja tulimwita Umeme, maana alimaliza hesabu kabla sijaweka chaki chini. Muhula huu akawa wa mwisho kila siku, kazi yake kuchonga penseli tu. Mama yake alimpeleka hospitali akapimwa macho na damu, wasione kitu. Walimu wenzangu wakatania kwamba umeme umekatika. Mimi sikucheka, usingizi ulishanipaa.

Jumamosi tukaitwa semina ya kufundisha watoto wenye vipaji. Mkufunzi, mama mmoja mpole wa kukera, alitugawia penseli na maswali kumi. Nikamaliza wa kwanza, nikanyoosha mkono kwa maringo. Akaniletea mengine ishirini ya aina ileile.

"Haya ya nini tena?"

"Si umemaliza, mwalimu wangu?"

Nilichemka. Nikaazima kichongeo, nikawa nachonga penseli isiyo na shida yoyote, nasubiri wenzangu wanifikie. Ghafla mkono ukaniganda. Umeme naye, kila alipomaliza, nilikuwa namwongezea ishirini!

Kumbe mtoto haumwi! Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu akanisogezea maji.

Jumatatu nikampa Umeme swali moja tu, la kutoa jasho. Hakuligusa.

"Na nikimaliza, mwalimu?"

"Ukimaliza, umemaliza."

Akanitazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Kisha akarudisha kichongeo kwenye mkoba, akainama. Nilikuwa bado natafuta pa kuweka chaki aliponyoosha mkono.