Slipa za Wageni

Mji wetu una kumbi mbili zinazotazamana, moja kila upande wa bustani. Ukumbi wa Wahispania una nguzo za marumaru mbele, na nyuma paa linavuja mpaka wacheza karata wamezoea kuhama na meza yao mvua ikinyesha. Ukumbi wa Wacheki hauna hata rangi ukutani, ukiupita utadhani ni ghala la pamba lililosahaulika. Lakini ingia ndani: sakafu ya mbao inang'aa, piano ya Ulaya imefunikwa shuka, na vyombo vya fedha vimefungiwa kabatini, ufunguo hakuna anayekubali kuwa anao.

Tangu babu zao walipovuka bahari kutoka Ulaya wakashuka kwenye treni hapa Chaco kuja kulima pamba, watu hawajaacha kubishana ni kina nani waliofanikiwa zaidi. Wahispania wanasema ni wao, na wanasema kwa sauti. Wacheki wanasema hali ni mbaya, wanasema hivyo hata mwaka wa mavuno, kisha wanaenda kununua shamba la jirani.

Mimi siwezi kuwa mwamuzi kwa sababu ni nusu kwa nusu. Baba yangu alikuwa Mcheki, mama Mhispania. Wahispania wananiita Mpolandi, maana kwao kila mwenye jina gumu ni Mpolandi. Wacheki wananiita Mgalisia, ingawa ukoo wa mama haujawahi kuiona Galisia ya huko Uhispania hata kwenye kalenda. Jina langu hasa ni Rosaura Hlavac, nina saluni ya wake kwa waume, na kama kuna mtu anayevijua vichwa vya mji huu, ndani na nje, ni mimi.

Mambo yenyewe yalianzia msibani. Alikufa mwandishi wa hati za mashamba, mtu aliyechelewa kila mahali maisha yake yote. Mzee Telmo Arribas, mjane wa miaka mingi, alikaa karibu na Bi Vlasta Kolarik, mjane naye. Akamwinamia akamnong'oneza, "Leo ndiyo mara ya kwanza marehemu kututangulia." Bi Vlasta akashikwa na kicheko, akajiziba uso kwa leso, mabega yakawa yanatetemeka. Mke wa marehemu akaja kumkumbatia na kumwambia hakujua kama alimpenda mumewe kiasi hicho.

Tangu siku hiyo Mzee Telmo akawa anaenda kwa Bi Vlasta kila alasiri kunywa ile chai yetu chungu ya kunyonya kwa mrija. Sasa, kwa Wacheki huingii ndani na viatu. Unaviacha mlangoni, unachagua slipa kwenye kapu la wageni. Kapu la Bi Vlasta lilikuwa na slipa za kila aina isipokuwa za mwanamume mwenye miguu ya Mzee Telmo. Zilizomkubali kidogo zilikuwa za pinki, zilizoachwa na binamu fulani, na visigino vyake vilibaki nje kama mikate iliyozidi trei.

"Rosaura," aliniambia siku moja nikimnyoa, "mimi ni mtu mzima. Nimefuga ng'ombe, nimezika mke. Halafu nasimama sebuleni kwa mwanamke na slipa za pinki."

"Mwambie akununulie zako."

"Nimemwambia. Anasema mwenye slipa zake ni mtu wa nyumba. Nikamwambia basi tuoane niwe mtu wa nyumba."

"Akasemaje?"

"Akasema nimuulize Bohumil."

Bohumil ni mwanawe Bi Vlasta, mtoto pekee, mkulima mwenye shingo nene na maneno machache. Bi Vlasta hakuwa anamwogopa. Alinieleza mwenyewe nikimwosha nywele, macho ameyafumba. "Jumapili zote mwanangu anakula mezani kwangu. Nikiolewa bila yeye kuridhika, atakuja mara moja, kisha atatafuta sababu. Na nikimkosa Telmo, nitarudi kunywa chai na redio. Nisaidie, Rosaura, wewe unajua kudanganya watu." Akafuta macho, akasema ni sabuni. Mimi pia nilipata sabuni kidogo machoni.

Nikaanza kazi. Bohumil alipokuja kukatwa nywele nilimchokoza kidogo tu, akafunguka.

"Wale Wahispania ni rangi ya mdomo tupu," akasema. "Fermín, mtoto wa huyo mzee, umemwona? Viatu vinang'aa, anawalipia watu vinywaji hata asiowajua. Mtu mwenye kitu hafanyi hivyo. Hawana chochote. Yule mzee anataka mashamba ya mama."

Wiki hiyohiyo akaja Fermín Arribas, ana duka la vipuri vya matrekta, marashi yake yaliingia kabla yake.

"Wapolandi wanakufa njaa, mwanangu," akasema, ingawa ananizidi miaka miwili tu. "Gari la yule Bohumil limefungwa mlango kwa kamba. Mama yake anashona soksi zilizotoboka. Nani siku hizi anashona soksi? Yule bibi anaitaka nyumba ya baba."

Nilifagia nywele zao nikicheka peke yangu. Kila mmoja alikuwa anamsoma mwenzake kwa kitabu cha kwao. Mcheki tajiri huvaa kiraka ili asionekane, na Mhispania akikiona kiraka anaona kiraka. Mhispania akipata kitu lazima kionekane, na Mcheki akikiona anaanza kukitafutia deni. Kumbe dawa ilikuwa rahisi. Kila mmoja ajionyeshe tajiri kwa mtindo wa mwenzake.

Nikamwambia Bohumil, "Unataka wakuogope? Vaa suti, funga saa ya marehemu baba yako, agiza divai ghali. Na bili ikija uipiganie. Kwao mwanamume asiyepigania bili ni maiti."

"Niipiganie vipi?"

"Unasema ni yako. Akisema ni yake, unaapa kwa mama yako."

"Na kama akiniachia?"

"Hatakuachia," nikasema, nikageuka nisimwonyeshe uso.

Fermín naye nikampa somo lake. "Wale wanamdharau anayejionyesha. Njoo na koti la bustani, agiza supu, kunywa maji ya bomba. Ukiulizwa biashara, sema mbaya. Bili ikifika, mikono chini ya meza."

"Mikono chini ya meza," akarudia, kama mtu aliyeambiwa atakatwa mguu.

Tukapatana kula pamoja mchana wa Jumapili kwa Mturuki mwenye mgahawa. Kwa kweli ni Msiria, lakini mji huu haujali mambo hayo. Tulimchagua yeye kwa kuwa si wa upande wowote, na nyama yake inaiva.

Bohumil akaingia na suti yake ya harusi. Suti ilikuwa ileile, yeye ndiye aliyeongezeka, na kila akivuta pumzi kitufe kilikuwa kinaomba msamaha. Saa ya baba yake ilimeta mkononi, ingawa ilisimama zamani. Fermín akaja na koti lenye udongo kwenye viwiko. Mzee Telmo alimtazama mwanawe akadhani duka limeungua. Bi Vlasta alimtazama wake akamshika paji la uso kama ana homa. Mimi nikajaza mdomo mkate.

"Biashara vipi?" Bohumil akauliza.

"Mbaya," akasema Fermín. Neno lilimtoka kwa taabu. "Mbaya sana. Tunasukuma siku tu."

Nikamwona Bohumil akishtuka. Kwao mtu akisema hivyo, ujue amenunua nyumba ya pili.

Kisha Bohumil akamwita Mturuki, akaagiza divai iliyo juu kabisa kwenye rafu, ile yenye vumbi ambayo haijawahi kuulizwa. Fermín akaitazama chupa, akaitazama saa, akameza supu bila kupuliza.

Mpango wangu ulifanya kazi vizuri, na ndipo ukaharibika. Nilidhani wakishaona hakuna mwenye njaa, watabariki. Fermín akaniinamia sikioni. "Kumbe wana mali namna hii? Basi haiwezekani. Baba atahamia kwenye nyumba ya mke. Watu watasema ameolewa." Kabla sijajibu, Bohumil akaninong'oneza upande wa pili, "Umeliona lile koti? Hao ni matajiri wakubwa. Mama hawezi kuingia humo. Watasema akina Kolarik wamemuuza bibi yao."

Nikaona nimejichimbia shimo mwenyewe. Wakiwa maskini ni wezi, wakiwa matajiri ni aibu. Nilimtazama Bi Vlasta. Alikuwa amekisukuma chakula pembeni, anamwangalia mwanawe kama anayemuaga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikutaka kucheka. Mzee Telmo akamgusa kiwiko, akamwambia jambo sikioni.

Ndipo Mturuki akaleta bili.

Bohumil akaidaka. "Ni yangu," akasema, kama mtoto anayesoma shairi shuleni. Fermín mikono chini ya meza. Jasho likamtoka puani. Bohumil akafungua pochi polepole, maana hakuna aliyemfundisha kwamba hapo unafanya haraka. Fermín akavumilia mpaka alipoona noti ya kwanza.

"Haiwezekani," akasema, akairukia karatasi. "Ukoo wangu haujawahi kulishwa."

"Ni yangu. Naapa kwa mama yangu."

"Usimtaje mama yako. Mimi naapa kwa marehemu wangu."

"Basi na mimi wa kwangu."

Walivutania karatasi, wakavutana makoti. Kitufe cha suti ya harusi kikaruka kikaangukia kwenye supu ya mtu wa meza ya pili. Mturuki akaja na kitambaa chake begani, akasimama katikati yao kwa upole.

"Mabwana, bili imelipwa. Mzee na bibi walipita asubuhi wakaacha pesa za kutosha na kuzidi, nusu kwa nusu. Hiyo nimeileta kwa sababu Mzee Telmo aliniomba. Alisema itawachukua muda."

Tukageuka. Viti viwili vilikuwa vitupu. Nje tukasikia lile gari la mlango wa kamba likikohoa, likawaka, likaondoka.

Tulitembea kwa miguu kwenye jua la Chaco, wao mbele wakihema, mimi nyuma. Bohumil alisema atamtoa yule mzee kwa mkono wake. Fermín alisema amguse aone. Walifika kwa Bi Vlasta wamefura, Bohumil akausukuma mlango, kisha akasimama. Hasira zake zote zilimwishia hapo kizingitini. Hakuweza kuingia na viatu. Amelelewa hivyo, hata nyumba ingekuwa inaungua angevua kwanza.

Akainama, akavua. Fermín, asionekane mshamba, akavua pia vile viatu vyake vinavyong'aa, alivyoshindwa kuviacha hata leo.

Soksi ya Fermín ilikuwa na tundu, na kidole gumba kizima kilichungulia. Soksi ya Bohumil nayo ilikuwa imeshonwa mara nyingi hadi uzi umekata tamaa, na kidole chake kilikuwa nje vilevile, mguu uleule. Walitazamana vidole. Fermín ndiye aliyeanza kucheka, kidogo, kwa pua, kisha Bohumil, ambaye sikumbuki kumsikia akicheka tangu tuko shule.

"Biashara mbaya?" Bohumil akauliza.

"Mbaya kweli, ndugu yangu. Na pamba?"

"Mbaya vilevile. Suti hii nairudisha sandukuni mpaka siku ya kuzikwa nayo."

Bi Vlasta akatokea, akampa Fermín slipa za pinki bila kuuliza. Tukaingia. Mzee Telmo alikuwa amekaa mezani, ameinyoosha miguu mbele yake kama mtu anayeonyesha farasi. Amevaa slipa mpya za sufu nzito ya kijivu, zinamtosha mpaka kisigino.

Bohumil aliitambua ile sufu. Mimi pia. Lilikuwa koti la babu yake, alilovaa akitoka Bohemia, kwao Wacheki, akidhani kila nchi ina theluji. Kwa joto la kwetu hakuna aliyelivaa hata siku moja, na hakuna aliyethubutu kulitupa. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na watoto wa nyumba hiyo walikua wakiliamkia kama mtu. Sasa msumari ulikuwa mtupu.

"Umelikata," Bohumil akasema.

"Nimelikata," akasema mama yake. Alisimama wima, lakini mikono ilikuwa imeshika aproni. "Jana. Nimelia kidogo, kisha nikachukua kipimo."

Bohumil akapiga goti moja, suti ikalalamika, akaikamata slipa ya kushoto mguuni mwa Mzee Telmo akapitisha kidole kwenye mshono. Fermín alikaa tayari kuingilia kati, na slipa zake za pinki.

"Hazikuchomi, Mzee?" Bohumil akauliza.

"Zinaniunguza kama tanuri, mwanangu," akasema Mzee Telmo. "Lakini sizivui."

Bohumil akainuka, akavuta kiti chake cha kila Jumapili. Akakisogeza upande, pakabaki nafasi ya kingine.

"Mama," akasema, "sufu imebaki? Huyu naye visigino viko nje."