Mapigo ya Chuma Kitupu

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ulitoka nyuma ya rundo la ndoo, mapigo matatu makavu, na karakana nzima ikanyamaza. Nyundo inapopiga bati hutoa sauti ya kuchangamka, kama watu wanaogombana kwa utani. Inapopiga chuma kitupu husema peke yake, na neno lake huingia kwenye meno. Mafundi wote waliijua maana yake. Katika karakana ile aliyekatwa na bati hakulia. Aliigonga fuawe, kile chuma cha kufulia bati, mara tatu bila kitu juu yake, wenzake wakajua kaumia, wakatazama kando mpaka amalize kujifunga kitambaa. Kisha kazi ikaendelea. Ndivyo baba alivyowafundisha wanawe, na baba alikufa bila mtu yeyote kumsikia akisema "ah".

Mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ndiye mwenye karakana na ambaye watu wote walimwita Nyundo, alizunguka lile rundo akitafuta damu. Hakukuwa na damu. Alimkuta mdogo wake, Patasi, kainama juu ya kipande cha reli walichokitumia kama fuawe, mkono mmoja umeshika nyundo na mwingine umeshika kinena, uso umelowa kama wa mtu aliyetoka kwenye mvua.

"Umekatwa wapi?"

"Sijakatwa."

Nyundo hakuhitaji kuuliza zaidi. Uvimbe wa kinena ulimtoka yeye mwenyewe mwaka uliopita, mahali hapo hapo, mkubwa kama yai, ukiingia anapolala na kutoka anapobeba mzigo. Ngiri. Fundi wa rangi aliyepakana nao alisema wale ndugu walirithi kwa baba yao vitu vitatu: nyundo, kiburi na ngiri. Alicheka peke yake.

Nyundo alikuwa amepasuliwa kwenye hospitali kubwa, ambako madaktari walikuwa wakifanya utafiti. Walimshonea kiraka cha wavu ndani ya tumbo, wakamruhusu aende nyumbani, kisha dada mmoja wa utafiti, mwenye sauti ya upole, akawa anampigia simu mara kwa mara kuuliza habari za maumivu. Alimweleza mapema kwamba wapo watu ambao kidonda chao hupona kwa macho lakini maumivu yakabaki miezi, hata miaka, wala hakuna picha au kipimo cha damu kinachoyaonyesha. Dirisha la kuyaona ni mgonjwa mwenyewe. Ataje namba, kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Hatutafuti mashujaa, mzee wangu," alimwambia. "Tunatafuta ukweli tu, ili anayekuja nyuma yako asiumie bure."

Nyundo akasema mbili. Kila simu, mbili. Na akikohoa? Mbili. Na akiinama? Mbili, binti yangu, hata nikibebeshwa wewe na simu yako. Aliwaeleza mafundi wake kwamba sifuri ni namba ya waongo, tatu kwenda juu ni ya walialia, na mbili ndiyo namba ya mwanaume. Wakacheka, ikawa msemo wa karakana. Mtu akichelewa kula anaulizwa njaa ngapi, anajibu mbili.

Mkewe hakucheka. Ndiye aliyemwona kila asubuhi, kakaa ukingoni mwa kitanda na taulo katikati ya meno, akijikusanya asimame, kwa sababu chini ya lile kovu palikaa kitu kama msumari uliotoka motoni, na msumari ule ulikuwa haujapoa tangu siku ya kwanza.

"Mficha maradhi," mkewe angeanza.

"Usimalizie," Nyundo angejibu.

Sasa, jioni ya siku ile ya mapigo matatu, walipokuwa wakiburuta mlango wa karakana ufungwe, Patasi alimshika kaka yake mkono.

"Kaka, niambie kweli. Yako iliuma?"

Lilikuwa swali dogo, na mlango wa kulijibu ulikuwa wazi. Nyundo alijiambia kwamba akisema kweli, huyu mdogo wake aliyekuwa akikimbia sindano tangu utotoni hataenda hospitali, na siku moja ngiri itajinyonga ndani ya tumbo imuue hapa hapa kati ya ndoo. Hilo lilikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jingine asilolipa jina: Patasi alikuwa akimtazama kama wao wawili walivyokuwa wakimtazama baba.

"Mbili," akasema.

Patasi akashusha pumzi, akacheka, akamwambia basi yeye atasema moja na nusu.

Alilazwa wodi ile ile aliyolazwa kaka yake, akaingizwa kwenye utafiti ule ule. Siku ya upasuaji kila kitu kilikwenda sawa, au ndivyo walivyoambiwa. Kesho yake saa ya kutazama wagonjwa Nyundo hakwenda, alikuwa na mifereji ya mvua ya kumalizia. Shemeji yake, mke wa Patasi, alirudi na habari kwamba mgonjwa hataki kula, lakini ukimuuliza anasema yuko salama. Nyundo alipiga bati mpaka jioni na hakujua kwa nini kila pigo lilimtoka vibaya.

Siku iliyofuata alikwenda. Wodi ilinuka dawa ya sakafu. Patasi alikuwa kitanda cha dirishani, amekunja magoti chini ya shuka, na alipomwona kaka yake alitabasamu. Tabasamu lile lilikuwa limeshonwa. Midomo ilikuwa mikavu, macho yameingia ndani, na shati lilikuwa limemganda mgongoni ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Shemeji alikaa kwenye kiti akikunja na kukunjua kitambaa. Akamwambia Nyundo kwa sauti ya chini kwamba amemgusa mumewe tumbo, limekaza kama ubao, na yeye kamsukuma mkono.

Kisha akaja sista wa zamu, mama wa makamo mwenye viatu vya raba visivyo na mlio. Alipima joto, akashika kifundo cha mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo, akahesabu tena. Hakupendezwa. Alisema asubuhi alimwita daktari kwa sababu ile ile. Daktari alikuja, akauliza, akajibiwa mbili, akaamua wamwangalie kwanza.

"Namba zake zinagombana," alimwambia Nyundo. "Moyo unakimbia, ulimi unatembea." Akamgeukia Patasi. "Haya, mwanangu. Leo maumivu ngapi?"

Patasi hakumtazama sista. Alimtazama kaka yake, kama fundi mpya anayeonyesha ndoo yake ya kwanza.

"Mbili, sista."

Na hapo Nyundo akasikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mkono wa kushoto wa Patasi ulining'inia ubavuni mwa kitanda, upande asioweza kuuona sista, na pete yake ya ndoa ilikuwa ikigonga chuma cha kitanda. Mapigo matatu. Nyundo alingoja ukimya unaofuata, ule ukimya wa kutazama kando. Haukuja. Pete iligonga matatu mengine. Kisha matatu mengine tena. Katika maisha yake yote karakanani hakuwahi kusikia mtu akigonga mara ya pili. Huyu alikuwa akigonga tangu lini? Tangu asubuhi? Tangu jana, yeye alipokuwa akikunja mifereji? Alikuwa akiita kwa lugha pekee aliyofundishwa, katika nyumba ambayo hakuna aliyeijua lugha hiyo.

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga, na yeye alikuwa amemlisha mdogo wake kijiko kwa kijiko.

Sista alikuwa anageuka kwenda kitanda cha pili.

"Sista, hiyo mbili usiipokee," Nyundo alisema.

Wodi iligeuka kumtazama. Aliona aibu ikimpanda shingoni kama moto wa gesi, akaiacha ipande.

"Mdogo wangu, mimi si mbili. Sijawahi kuwa mbili. Leo asubuhi nilikuwa saba, nikang'ata taulo ndipo nikasimama. Mke wangu anajua, muulize."

Uso wa Patasi ulilegea, ule uzi ulioshona tabasamu ukakatika, na chini yake kulikuwa na mtoto.

"Kaka?" alisema. "Kwa hiyo inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Basi ni kumi. Ni kumi tangu jana, kaka. Nilidhani ndiyo mbili yenyewe."

Sista alikuwa ameshaondoka, na safari hii viatu vyake vya raba vilisikika. Daktari alikuja mbio, akabonyeza tumbo kidogo tu, na Patasi akapiga ukelele ambao wagonjwa wa mwisho wa wodi waliinuka kuusikia. Kikaja kitanda cha magurudumu, ikaja chupa nyingine ya dripu. Daktari alimvuta Nyundo pembeni, akamweleza bila kuzunguka kwamba huenda utumbo umetoboka na uchafu unaenea tumboni, lazima wamfungue tena sasa hivi.

"Atapona?"

"Tutafanya tunaloweza. Angetuambia jana..." Daktari hakumalizia. Alivaa kofia yake akaondoka, na sentensi ile ikabaki na Nyundo, ikimngoja.

Alitembea kando ya kitanda kwenye korido ndefu, mkono juu ya chuma chake baridi, msumari wake mwenyewe ukimchoma kila hatua. Shemeji alifuata nyuma akilia waziwazi. Nyundo alikuwa akisikiliza pete. Alitaka kuisikia, hata mara moja. Lakini ule mkono ulikuwa umelala kifuani, mweupe kwenye kucha, na haukugonga kitu.

Milango ya chumba cha upasuaji ilikuwa inafunguliwa. Muuguzi mwenye barakoa alimwambia mwisho ni hapa, mzee. Nyundo akainama, mdomo karibu na sikio la mdogo wake, kisha akabadili nia, akainuka akasema kwa sauti kubwa, korido nzima isikie.

"Patasi, nisikilize. Hakuna tena kugonga chuma kitupu. Anayeumia kwenye karakana ya baba atalia, na mimi ndiye nitakayeanza. Ukirudi utanikuta nalia, mdogo wangu, mpaka yule fundi wa rangi aje kuuliza kuna nini. Nakuahidi."