Hodi Ndani ya Diski

Badawi alikuwa fundi wa taipureta hadi taipureta zilipokwisha mjini. Nyumba yake i nyuma ya Ngome ya Yesu, na dirisha lake liliwahi kuwaka taa za buluu mchana kweupe. Usicheke. Taa hizo ndizo zilizomponza.

Simu ya marehemu mkewe, Ruweida, ilikuwa inakata roho. Ndani mlikuwa na sauti zake arubaini na moja, akiagiza ndimu, akigomba, akicheka peke yake. Badawi akaazimia kuunda seva ya nyumbani, kompyuta ya kuwekea kumbukumbu, azihifadhi humo, ila pensheni ilitosha kitu kimoja kizuri tu.

"Mzee, kasha liwe lolote, hata debe," Kavumbi, muuza kompyuta, alimwambia. "Mashine kuukuu ya ofisini yatosha. Pesa tia kwenye diski. Chukua mbili mpya, moja ikifa nyingine ina nakala."

"Na kasha lile lenye mataa?"

"La watoto wa michezo ya kompyuta hilo!"

"Basi mimi ni mtoto, yakhe. Nipe lile, na diski moja ya mtumba."

Kavumbi akaguna, akatoa diski kwenye mtoto wa meza. "Ilikuwa ya mama mmoja, amefariki. Nimeifuta. Usije ukanilaumu."

Badawi akahamisha sauti zote. Kesho yake simu ikazima, haikuwaka tena. Ruweida akawa amebaki humo tu.

Alasiri akafungua sauti ya kwanza. "Badawi, usisahau ndimu." Na nyuma yake, kwa mbali, mwanamke mwingine: "Hodi."

Akachungulia barazani. Hapana mtu.

Akafungua ya pili. "Hodi." Safari hii karibu zaidi, na diski ikagonga ndani ya kasha, ko, ko, ko, kama kidole mlangoni.

"Diski ikigonga hivyo yafa, Mzee!" Kavumbi alipiga kelele, Badawi alipompigia kwa simu yake mwenyewe.

Badawi akakata simu. Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni huenda zake. Na diski ile ndiyo iliyokuwa nyumba ya yule mama aliyefariki. Akiondoka ataondoka nayo, Ruweida akiwa ndani. Lakini Badawi alilelewa akiambiwa usimwitikie usiyemwona.

Akafungua ya tatu, ile ya kicheko, anayoijua kwa moyo.

"Hodi."

Ko, ko, ko. Ndipo kicheko kikakatika, na Ruweida akasema maneno ambayo hayakuwemo: "Badawi, mgeni huyo amesimama mlangoni! Wewe huna mdomo?"

"Ka... karibu," akasema Badawi. "Karibu ndani, bibi."

Kugonga kukakoma.

Asubuhi alimrudishia Kavumbi kasha na mataa yake, akachukua badala yake diski mpya na debe la bati. Alipomaliza kunakili akahesabu sauti: arubaini na mbili. Ile ya mwisho hurefuka kila siku, jana ilifika urefu wa saa tisa na ushei.

Hajaifungua. Wanawake wakizungumza ukumbini, mwanamume hukohoa kidogo akapita.