Mianzi Iliyovuka Ua

Bernadette alirudi Bunia mwezi wa tisa mwaka 2003, miezi minne baada ya kukimbia vita hadi Beni kwa miguu na binti yake Bijou. Nyumba aliikuta bado imesimama, ingawa nusu ya mabati ilikuwa imeng'olewa na kutupwa uani, imepindapinda. Bustani ndiyo hakuitambua.

Miaka saba nyuma, marehemu mume wake alikuwa ameleta mzizi wa mwanzi kutoka milima ya baridi ya Djugu. Kila msimu wa mvua Bernadette aliukata machipukizi kwa jembe, yakiwa bado laini. Safari hii hakuwepo mtu wa kuyakata. Mizizi ilikuwa imetambaa chini ya udongo, ikameza shamba la maharagi, ikapita ua na kuchomoza katika jiko la jirani yake, Ambroise.

Ambroise huyo aliwahi kumshitaki kwa mkuu wa mtaa kwa sababu ya mianzi hiyo hiyo. Kwa hiyo Bernadette alipomwona anakuja, alishika panga na kuanza kufyeka hata kabla ya salamu.

"Mama Bijou, acha kwanza!" Ambroise alisema. "Usimalize yote."

"Papa Ambroise, si weye ulisema niitoe?"

"Nilisema. Lakini mwezi wa tano, wakati watu wa silaha walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba, siye tulijificha mule ndani ya mianzi. Siku tatu, na watoto wane. Walipita karibu, hawakutuona."

Bernadette alishusha panga. Miezi yote ile alikuwa akiomba kwa ajili ya watu wake tu. Jina la jirani huyu halikuwahi kumjia hata mara moja.

"Mungu ashukuriwe," alisema hatimaye. "Lakini maharagi nitapanda wapi? Bijou atakula nini?"

Wakakaa chini, wakapatana: mianzi ibaki pembeni, kwenye mpaka wao. Kesho yake walianza kuchimba mtaro unaofika magotini. Kila mzizi uliovuka waliukata kwa shoka na kuung'oa, Bijou akiuanika juani ufe kabisa. Kisha wakasimamisha mabati mabovu ndani ya mtaro, wakaacha ncha zake zitokeze kidogo juu ya udongo, ili mzizi ukitaka kuruka waweze kuuona.

Wiki mbili baadaye machipukizi mapya yalitokea katikati ya shamba. Bijou alitaka kulia. Mama yake aliyapiga jembe. Yakarudi, akayapiga tena, mpaka mizizi iliyosalia ikachoka.

Fito walizofyeka zilitosha kuezeka jiko la Ambroise na kuziba paa la Bernadette. Mwezi wa kumi na mbili walivuna maharagi ya kwanza. Ambroise alileta mihogo, Bernadette akapika chungu kimoja, na familia zote mbili zikala pamoja uani, mchana kweupe, watoto wakigombania ukoko.