Suruali ya Dansi ya Mbwana

Wakati wa vita vya Hitila, kitambaa cha bafta kilipokuwa hakipatikani Likoni nzima, vijana wetu wenye akili waliona huo ndio wakati wa kuvaa suruali pana. Walivuka kwenda dansi mjini, wakarudi wakitufundisha kwamba miguu haizunguki sawasawa bila kitambaa cha kupepea. Kaka yangu Mbwana, bingwa wa kuwakanyaga wenzake vidole, naye akashonesha yake: nyeupe pe, kila mguu unatosha shuka ya kitanda. Tukamsifu. Hakuna aliyemuuliza bafta ameitoa wapi.

Jumamosi, akipita uani kujionyesha, bibi yetu Mwanasaumu alimwita. Akaishika ile suruali, akainusa. Ilinukia kafuri. Ilikuwa sanda yake, aliyojiwekea sandukuni tangu kabla ya vita.

Mbwana akapiga magoti. "Nisamehe, bibi."

"Inuka, utaichafua," bibi akasema. "Nenda kacheze, mjukuu wangu. Kesho uifue, uikunje, uirudishe sandukuni. Nikifa nizikeni nayo. Malaika wakija kaburini kuniuliza mbona nimevaa suruali, nitawatajia jina lako."