Ufa Uliomtii Mwenyekiti

Ufa ulianza mwembamba kama unywele, upande wa tangi unaopigwa na jua la alasiri. Wa kwanza kuuona alikuwa Zamda, aliyezoea kwenda kuteka maji mapema ili asikutane na watu. Aliupitishia ukucha. Ulikuwa umeanzia kwenye alama ya kisu.

Alama hizo zilikuwa za Sufiani, mwenyekiti wa kamati ya maji. Kila Ijumaa baada ya swala aliligonga tangi, akasikiliza maji yamefika wapi, kisha akachora mstari pale kwa ncha ya kisu, ili mwizi ajulikane. Mwizi hakuwahi kupatikana, lakini mistari ilikuwa imejaa tangi zima kama chale. Tangi lenyewe lilikuwa la plastiki, jeusi, limeletwa kwa boti kutoka Nyamisati, nalo lilikinga maji ya mvua kutoka bati la msikiti. Kiangazi hicho visima vyote vya kisiwani vilikuwa vimegeuka chumvi. Maji ya kunywa yalikuwa hayo tu.

Zamda alimnong'oneza Sista Devotha, muuguzi wa zahanati. Sista akamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akaja na kisu.

"Mwisho hapa," aliuambia ufa, akachora mstari mfupi chini ya ncha yake.

Kesho yake ufa ulikuwa umefika kwenye mstari na kuupita kidogo. Sufiani akachora mwingine chini zaidi. Ufa ukaufuata. Akachora tena, ukaja tena. Watu wakaanza kwenda kutazama na vigoda vyao.

"Una adabu ufa huu," alisema Bi Mwamini, aliyekuwa akikaa mbele kabisa. "Unaambiwa fika hapa, unafika."

"Basi auambie upande juu," alisema Sista Devotha. "Maana ukifika chini, zahanati yangu itasafisha vidonda kwa maji ya bahari."

Sufiani aliifuta ncha ya kisu chake. Alionekana kuona fahari kidogo. Katika miaka yake yote ya uenyekiti, hakuna aliyewahi kufuata maagizo yake kwa karibu namna ile.

Maji yalipoanza kuvuja, aliitwa Mzee Husseini, baba yake Zamda.

Husseini alikuwa fundi kalafati. Kazi yake ilikuwa kushindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao za vyombo ili visiingize maji. Tangu boti za faiba ziingie kisiwani hakuna aliyemwita. Alishinda barazani, na siku moja Zamda alimkuta anakalafati mlango wa banda la kuku. Sasa mzee alitoa nyundo yake ya mti na patasi butu, akavaa kofia ya Idi. Alipita njiani akisalimia hata mbuzi. Zamda alimfuata nyuma na kopo la mafuta, na furaha ya kumwona vile ikamfunga mdomo.

Mzee alichovya pamba, akaipachika kwenye ufa, akagonga. Kweli maji yalipungua, yakabaki kama jasho. Watu wakaguna kwa kuridhika. Akagonga tena. Chini ya mkono wake ikasikika *tak*, na ufa ukashuka upana wa kidole.

"Unakimbia," alisema Bi Mwamini.

"Nitaukamata," alisema Husseini, akaongeza pamba.

Tak.

Zamda aliona kilichokuwa kikitokea. Ubao ukipigwa pamba hunywa maji, huvimba, huibana pamba. Plastiki haivimbi. Ilikuwa inafunguka tu, kama mdomo unaolazimishwa kula. Kila baba alipoziba alikuwa anapasua, na kadiri ufa ulivyokimbia ndivyo alivyopiga kwa bidii, jasho likimtoka, uso wake ukiwa umejaa uhai. Mwenyekiti naye alikuwa amechuchumaa mbele yake, akichora kwa kisu mahali pa kuungojea ufa.

Ufa ukafika usawa wa goti.

"Baba," alisema Zamda.

Hakuna aliyemsikia. Akaivuta kanzu ya baba yake. "Baba, usipige. Toboa."

Nyundo ikasimama. "Nitoboe nini?"

"Tangi. Hapo mbele ya ufa."

Kicheko kilichopigwa kilifika gatini. Zamda alitamani ardhi immeze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, ikabidi yafuatwe na mengine. "Beseni letu la kufulia lilipasuka. Ufa ukaenda mpaka kwenye lile tundu lililounguzwa na kaa la moto, ukaishia hapo. Ni mwaka wa pili sasa. Ufa una ncha, baba. Ukiingia kwenye tundu la duara, ncha inapotea."

"Mwanangu," alisema Husseini taratibu, "mimi nimeziba matundu maisha yangu yote. Leo nitoboe chombo kizima, tena mbele ya Mwamini?"

"Toboa, nione," alisema Bi Mwamini.

Mzee alitazama ufa. Akaupiga kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi. Tak. Akaiweka nyundo chini. Akafungua mfuko, akatoa keke, ile ya kutobolea mbao, inayozungushwa kwa uta, akampa binti yake.

"Mkono wangu hautakubali," alisema. "Toboa wewe."

Zamda alipiga magoti, watu wote wakimtazama mgongoni, akazungusha keke. Maji yakamruka usoni. Ufa ukashuka polepole, ukaingia ndani ya tundu, na haukutoka. Walingoja mpaka adhana ya magharibi. Sufiani alichora mstari chini ya tundu, kwa majaribio, na ufa kwa mara ya kwanza ukamkaidi. Sista Devotha alimpokonya kisu.

Husseini alikata kizibo kwenye kandambili kuukuu, akakisukuma tunduni kwa dole gumba, bila kupiga. Kikakaa. Pamba ya juu iliachwa ilivyo.

Hapo mwenyekiti akakumbuka jambo. Bomba la tangi lilikuwa na kufuli, tundu halikuwa nalo. Mtu yeyote angeweza kuchomoa kandambili akajitekea. Kamati ikakaa pale pale, ikaamua tundu lipewe mlinzi.

Asubuhi, Zamda alipokwenda na ndoo, alimkuta baba yake ameketi kando ya tangi na kofia yake ya Idi. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye ngazi za msikiti, kwa sababu tundu lilitoa maji kwa kasi kuliko bomba. Kila ndoo ilipofika alichomoa kizibo, akatazama juu asilione tundu likivuja, hadi ijae, akakirudisha na kukikandamiza kwa dole, akisikiliza.

"Panga foleni, mama," alimwambia binti yake. "Hii ni kazi ya fundi."